Kombora Langu Linakosa Kila Saa, Simuleta Inadanganya? Pima Mwenyewe Hivi

Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu maswali yale yale kuhusu simuleta za ndege za kivita, zile gemu zinazoiga urubani wa kweli. Mbona karatasi ya kiwanda inasema kombora linafika kilomita 100 na mimi nimelifyatua kwa 40 halijagusa kitu? Mbona F-16 yangu haigeuki kama zile za kwenye video? Kati ya gemu hizi ipi ni ya kweli zaidi, DCS, Falcon BMS au War Thunder? Na lile la hapa kwetu Uganda ambalo halikosi hata siku moja: Sukhoi zetu za Entebbe, zile ndege za kivita za jeshi, naweza kuzirusha kwenye gemu gani?

Mpwa wangu alikuja likizo hapa kwangu Kitoro, Entebbe, amezoea zile gemu ambazo ndege moja inabeba makombora makumi na ukibonyeza kitufe mtu lazima afe, nikamkalisha kwenye DCS, akafyatua yote manane aliyopewa, yakaisha, hakuna lililogonga, akanigeukia akasema "Anko, hii gemu inadanganya." Sikubishana naye. Nilimtoa nje na manati yake. Kwenye takataka nyuma ya nyumba hapakosi kaloli, wale ndege wakubwa wenye kipara, nikamwambia mpige yule wa karibu, jiwe likafika na nguvu zake kaloli akaruka kwa hofu, kisha nikamwambia mpige yule wa mbali kule ng'ambo ya mtaro. Jiwe lilifika. Ila lilifika limechoka, na kaloli hata mabawa hakufungua, aliinua mguu akasogea hatua moja, jiwe likapita likijikokota kwenye vumbi.

Sasa ukishaelewa huyo kaloli umeelewa karibu kila kitu kuhusu makombora ya angani. Mota ya kombora kama AIM-120, lile la Mmarekani linaloongozwa na rada, inawaka sekunde chache tu, hata kumi hazifiki, baada ya hapo ni jiwe lenye akili linaloteleza kwa kasi iliyobaki, na kila linapogeuka linalipia kwa kasi hiyo hiyo. Umbali wa kwenye karatasi ni umbali wa jiwe kufika, haimaanishi litafika na nguvu ya kumshika mtu anayekwepa. Simuleta nzuri inaonyesha hilo, mbovu inalificha, na mwongozo huu ni wa kukuonyesha jinsi ya kupima bila kutoa hata shilingi moja ya moduli, yaani zile ndege za ziada zinazouzwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kompyuta au laptopu ya gemu yenye RAM giga 16 kwenda juu, ukipata 32 ni nzuri zaidi, na diski ya SSD. Usijaribu kwenye diski ya zamani inayozunguka, utakaa unaangalia skrini ya kusubiri mpaka chai ipoe. Tenga nafasi ya giga 200 hivi ili usije kubanana baadaye.

DCS World yenyewe, ni bure, inakuja na ndege mbili za kurusha, Su-25T ya Mrusi na TF-51D ya zamani ya propela, pamoja na ramani ya Caucasus na ya Marianas. Nimechagua DCS kwenye mwongozo huu kwa sababu moja tu: kwenye kihariri cha misheni unaweza kuweka ndege zinazorushwa na kompyuta hata kama hujazinunua. Kwa hiyo utapiganisha F-15C ya Mmarekani na Su-27 ya Mrusi wewe ukiwa mtazamaji tu, kama refa.

Tacview, programu ya kurekodi na kuangalia vita upya kwa picha ya ramani, toleo la bure linatosha.

Joistiki si lazima kwa vipimo vya kwanza, kwa vile vya mwisho utaihitaji, hata ya mtumba sawa, ila kabla hujalipa iombe ichomekwe kwenye kompyuta uone kama inatulia katikati. Mimi niliwahi kununua moja mjini Kampala bila kupima, nilipofika nyumbani ikawa inavuta kushoto yenyewe kama ng'ombe anayejua njia ya mtoni.

Bandeli ya intaneti ya maana, na hela kwenye Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Kudaunlodi ni usiku mzima au zaidi. Umeme ukikatika katikati usiogope, haianzi upya kutoka sifuri, ila ukiwa na UPS ndogo utalala vizuri.

HATUA

1. Zima udanganyifu wote kwanza. Ingia kwenye setingi, sehemu ya Gameplay, hakikisha "Game Flight Mode" na "Game Avionics Mode" zimezimwa, kisha zima risasi zisizoisha, mafuta yasiyoisha na kutokufa. Watu wengi sana wanaoniandikia ati "ndege za DCS ni rahisi kama gemu la simu" hili hawajaligusa, walibonyeza kitu siku ya kwanza wakasahau. Ukipima na hizo zikiwa zimewashwa umejipima mwenyewe tu.

2. Tengeneza uwanja wa vipimo. Fungua "Mission Editor", chagua Caucasus, na weka kila kitu juu ya Bahari Nyeusi. Kwa nini baharini? Kwa sababu kule hakuna milima ya kuchanganya mambo na kimo ni kimo kweli, ukiandika mita 1,000 ni mita 1,000. Sisi huku tumezoea ardhi iliyo juu, Entebbe yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mtu anasahau kwamba namba ya kimo kwenye simuleta inahesabiwa kutoka baharini.

Weka F-15C moja upande wa bluu, kazi yake CAP, yaani doria ya angani, mbebeshe AIM-120 pekee, hakuna kombora la aina nyingine, la sivyo kompyuta itachagua lake. Upande mwekundu weka Il-76, ile ndege kubwa ya mizigo. Zielekezane uso kwa uso, kilomita kama 80 kati yao, zote kasi ya kilomita 900 kwa saa, zote kimo cha mita 10,000.

3. Mfunge mlengwa mikono. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Bonyeza Il-76, nenda kwenye vitendo vya kituo cha kwanza cha safari yake, weka chaguo la "Reaction to Threat" liwe "No Reaction". Usipofanya hivyo ndege itaanza kukwepa na hutajua kombora limekosa kwa sababu ya hewa, au umbali, au rubani. Kitu kimoja kwa wakati mmoja bana. Kwa F-15C kuna chaguo la umbali wa kufyatulia makombora, liweke kwenye umbali wa juu kabisa, kwa sababu tunataka kuona jiwe likichoka.

4. Fyatua, angalia, andika. Anzisha misheni. F2 inakuonyesha ndege kutoka nje, F6 inakuonyesha silaha iliyoko hewani. Kaa kwenye F6 uhesabu: moshi unakatika lini? Hapo mota imeisha. Baada ya hapo angalia kasi inavyoshuka. Andika kwenye daftari, usitegemee kichwa. Mimi naandika vitu vinne tu, umbali wakati wa kufyatua, kasi ya juu iliyofikiwa, kasi wakati wa kugonga au kukosa, na sekunde za safari. Tacview itakupa vyote ukirudia taratibu.

Utaona pia kombora linapanda juu kwanza badala ya kwenda moja kwa moja. Usiandike kuwa ni kosa. Makombora ya masafa marefu yanapandishwa makusudi ili yateleze kwenye hewa nyepesi, kisha yamshukie mlengwa kutoka juu.

5. Rudia yote kwa mita 1,000. Usibadilishe kitu kingine chochote, kimo tu. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote maana tofauti inashangaza. Hewa ya mita 1,000 ni nzito zaidi ya mara mbili na nusu kuliko ya mita 10,000, na kwa kasi ile ile upinzani unapanda kwa uwiano huo huo. Aliyewahi kupanda Rwenzori anaijua hewa nyepesi kwa mapafu yake, pale kilele cha Margherita mita 5,109 umebaki na kama asilimia 60 tu ya uzito wa hewa ya baharini, wewe unahema lakini kombora linashangilia. Kule chini kombora linapiga breki mara tu mota inapozima. Tena angalia kitu kingine: kompyuta yenyewe itasubiri ikaribie zaidi ndipo ifyatue, kwa sababu inajua.

Kama simuleta unayopima inakupa umbali ule ule juu na chini, funga, tafuta nyingine.

6. Sasa mgeuze mlengwa akimbie. Il-76 ipe mgongo F-15C, ianze mbele yake. Kabla hujaanzisha fanya hesabu hii, haihitaji shule. Chukua kombora lenye kasi ya wastani mita 900 kwa sekunde, mlengwa mita 250 kwa sekunde, kati yao kilomita 40. Mlengwa akija uso kwa uso wanakaribiana mita 1,150 kila sekunde, wanakutana baada ya sekunde 35 hivi, kombora limeruka kilomita 31 tu. Mlengwa akikimbia, kombora linampunguzia mita 650 kwa sekunde, inakuwa sekunde 62 hivi na kombora lazima liruke kilomita 55. Umbali wa kufyatua ni ule ule 40. Na hapo nimekuwa mkarimu kwa sababu kwenye safari ndefu wastani wenyewe unashuka.

Ndiyo maana ile namba ya kwenye karatasi ya kiwanda haina faida kwako. Inapigwa ndege zikiwa juu sana, zina kasi kubwa, mlengwa anakuja usoni na hageuki hata kidogo. Ni kama mtu wa boda anayekwambia Kampala hadi Entebbe dakika 30, kweli inawezekana, saa tisa usiku.

7. Mpe mlengwa akili. Ondoa Il-76 weka Su-27, bila silaha. Kipimo cha kwanza weka "Passive Defence", atatupa vitu vya kudanganya rada bila kukwepa. Kipimo cha pili weka "Evade Fire", sasa atakwepa kwa mwili. Rudia kila kimoja mara kumi, nasema kumi, si mara moja halafu unaenda kutangaza. Kombora moja kukosa si ushahidi wa kitu. Badilisha pia chaguo la umbali wa kufyatulia, kutoka umbali wa juu kabisa hadi ule wa NEZ, yaani ule ambao mlengwa hata akigeuka akakimbia bado kombora linamfikia. Hesabu mangapi yamegonga kila upande. Hapo kaloli wa karibu na kaloli wa mbali utawaona kwa macho yako.

8. Ingia mwenyewe kwenye ndege ukwepe. Su-25T ya bure inatosha, ni nzito na haina rada ya kupigania lakini ina kifaa cha onyo cha SPO-15, kile chenye taa ndogo zinazoonyesha rada ya adui iko upande gani. Weka F-15C ikuwinde. Taa zikiwaka usikimbie ovyo. Geuza ndege mpaka taa ya nyuzi 90 ndiyo inawaka, maana yake adui yuko ubavuni kwako kabisa, kisha shuka chini na ubaki hapo.

Hiyo ndiyo nochi. Rada ya ndege ya kivita inatenganisha ndege na ardhi kwa kuangalia kasi ya kukaribia au kwenda mbali. Ukiwa ubavu humkaribii wala humwachi, kwa rada unafanana na ardhi, nayo imefundishwa kutupa kila kinachofanana na ardhi. Inafanya kazi adui akiwa juu anakuangalia chini. Ukiwa wewe ndiye uko juu na nyuma yako ni mbingu tupu, nochi inakusaidia kidogo sana, na hili wanaoanza wanalikosa kila siku, mtu ananochi kwenye mita 9,000 halafu anauliza mbona nimekufa.

Tupa chafi ukiwa ubavuni, si kabla. Chafi ni vile vijinyuzi vinavyorudisha mawimbi ya rada, vikishatoka hewa inavisimamisha, basi kama wewe unamjia adui kwa kasi rada inavitenganisha kirahisi, ila ukiwa ubavu wewe na vijinyuzi vyako wote mnaonekana mmesimama.

9. Pima ndege yenyewe. Hapa unahitaji moduli, kwenye toleo linalotoka kwenye tovuti yao wenyewe moduli nyingi unaweza kuzijaribu siku 14 bure, chagua F-16C au Su-27. Geuka duara kamili kwenye mita 1,000 ukiwa na kasi tofauti, andika G (mwili unabanwa mara ngapi ya uzito wake) na sekunde. Kwa G 7 ukiwa na mita 200 kwa sekunde nusu kipenyo cha duara lako ni kama mita 590. Ukiwa na mita 300 kwa sekunde, G ile ile 7, inakuwa kama mita 1,320. Kasi imeongezeka kwa nusu, duara limekua zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo yule anayesema ndege haigeuki, mara nyingi ameingia kwenye kona na aftabana, ule moto wa ziada wa injini, imewashwa kama dereva wa matatu anayewahi stendi.

Halafu pakia matenki ya nje na mabomu urudie. F-16 inajulikana kwa G 9, lakini hiyo ni ikiwa nyepesi, ukiijaza mizigo kompyuta yake na setingi ya rubani vinabana G chini. Kama ndege yako kwenye simuleta inageuka sawa ikiwa tupu na ikiwa imejaa, hiyo ni gemu ya simu.

Linganisha na kombora: lenye kasi ya mita 900 kwa sekunde likivuta G 30 bado duara lake lina nusu kipenyo cha kilomita 2.7 hivi. Hii ndiyo sababu kombora linahitaji G nyingi kuliko ndege, na likishachoka halizipati hizo G maana mabawa yake madogo yanahitaji kasi ili yashike hewa.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja. Umebadilisha kimo, kasi na aina ya kombora, sasa matokeo ni ya nani?

Kulinganisha simuleta moja na nyingine kwa kukumbuka. Kila apdeti inaweza kugusa makombora, ile AIM-120 uliyoizoea mwaka juzi si lazima iwe ile ya leo. Andika tarehe na toleo kwenye daftari lako.

Kudhani simuleta ikiwa ngumu basi ni ya kweli. Hapana. Zipo sehemu ambazo hata zilizo bora zimerahisishwa, hasa vita vya kuzibana rada kwa mawimbi, na kuna vitu hazina kabisa. Kwenye simuleta ukibonyeza kombora linatoka. Vitani haikuwa hivyo, kule Vietnam makombora ya AIM-7 ya Wamarekani yaligonga karibu moja katika kumi, mengine mota hazikuwaka, mengine yalibebwa na kugongwagongwa mpaka vifaa vya ndani vikaharibika, mengine yalifyatuliwa na marubani nje ya mipaka yake. Ilibidi jeshi lao la majini lifanye uchunguzi mwaka 1968 na mwaka uliofuata likaanzisha shule ya Topgun. Na hapa kwetu ndege nyingi za kivita za MiG za wakati wa Amin hazikuangushwa na kombora lolote la angani, ziliteketezwa zimeegeshwa pale pale Entebbe usiku mmoja wa Julai 1976, makomando wa Israeli walipovamia. Hakuna seva inayokuandalia misheni ya namna hiyo, kwamba unaamka ndege yako ni majivu.

Kutafuta nyaraka za siri ili ushinde ubishi. Wachezaji wa War Thunder walishawahi kubandika mtandaoni nyaraka za kijeshi kwa ajili ya kubishana kuhusu vifaru vya gemu. Usiwe huyo. Uwezo kamili wa kombora linalotumika leo ni siri ya wenye nalo, watengeneza simuleta wanatumia hesabu za hewa na maandishi yaliyo wazi, kwa hiyo unachopima wewe ni kama kombora linafuata fizikia. Namba ya mwisho kabisa hutaipata na haikuhusu.

Kuhusu Sukhoi zetu: Uganda ilinunua Su-30MK2 sita kutoka Urusi, zikaja kati ya 2011 na 2012. Kwenye DCS Su-30 ipo lakini ya kurushwa na kompyuta, kwa hiyo unaweza kuiweka kwenye vipimo vyako vyote vya juu kama mlengwa au mfyatuaji. Ya kukaa ndani mwenyewe iliyo karibu nayo ni Su-27. Zipo za watu binafsi waliotengeneza nyongeza zao, ila kwa kupima uhalisia siziamini, kila mtu anaandika namba anayoitaka. Mwenye hamu ya ndege za enzi za Amin kuna moduli nzuri sana ya MiG-21bis, si toleo lile lile lililokuwa huku lakini ni ndugu wa karibu, na ile itakufundisha adabu ya mafuta.

Ikikataa, angalia hapa

Kombora linatoka halafu linaenda moja kwa moja kama limesusa. Kama ni R-27R au AIM-7, hayo yanategemea rada yako imulike mlengwa mpaka mwisho, ukigeuka au ukipoteza loki, yaani rada ikimwachia mlengwa, umeliua mwenyewe. AIM-120 inaweza kuachwa, lakini baada ya rada yake yenyewe kuwaka karibu na mlengwa, kabla ya hapo bado inasikiliza ndege yako.

Kombora la joto, lile linalofuata joto la injini, limefuata jua au mioto ya kudanganya. Usifyatue mlengwa akiwa kwenye mstari wa jua, na subiri amalize kutupa mioto.

Nimekufa na kifaa cha onyo hakikusema kitu. Mara nyingi ulipigwa na kombora la joto, R-73 au AIM-9. Halitoi mawimbi ya rada, SPO-15 haina cha kusikia. Hiyo si hitilafu, ndivyo ilivyo. Macho yako ndiyo kengele.

Kompyuta haifyatui kabisa. Angalia F-15C ina kazi ya CAP, pande mbili ni maadui kweli na hukuziweka nchi zote upande mmoja, na ruhusa ya silaha haijafungwa. Hili la nchi kuwa upande mmoja limenipotezea jioni nzima, nilikaa naangalia ndege mbili zikipishana kwa heshima kama majirani wanaotoka kanisani.

Ndege inabiringika yenyewe. Karibu kila mara ni DCS imempa kila kifaa ulichochomeka mhimili ule ule, joistiki inasema katikati na pedeli zinasema kushoto. Nenda sehemu ya vidhibiti, futa mihimili kwenye kila kifaa kisichohusika. Kama bado inavuta kidogo, ongeza nafasi tupu ya katikati kwenye mhimili huo, namba ndogo tu.

Rekodi ya DCS yenyewe inaonyesha kitu tofauti na nilichokiona. Ndiyo, zile rekodi za ndani zinapotoka hasa kwenye misheni ndefu. Tumia Tacview.

Seva za Ulaya nakufa kabla sijaona kombora. Kutoka huku kwetu ping, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, iko juu, kombora la mtandaoni linaweza kuruka kutoka sehemu hadi sehemu kwenye skrini yako. Vipimo vyote fanya nje ya mtandao. Mtandaoni nenda ukacheze tu, na usilete kwangu matokeo ya huko.

Umeme ulikatika sasa gemu haifunguki. Endesha ile programu yake ya kurekebisha mafaili, itakagua yote na kudaunlodi yaliyoharibika peke yake. Anza kabla hujalala, na uangalie yuniti za Yaka kwanza, maana ikikatika tena katikati ya ukaguzi utaanza ukaguzi upya asubuhi.